Risasi Elfu Moja Mia Moja Kumi na Nane na Nusu

Saa mbili asubuhi ya Jumatatu, Wizara ya Utulivu wa Taifa ilitangaza kwamba amani iliyokuwepo haikutosha.

Ilikuwa amani ya watu tu, tangazo likafafanua, vyombo vilisahauliwa. Kuanzia siku hiyo, kila raia mwenye chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kubebea risasi alitakiwa kukitolea taarifa ndani ya siku kumi na nne. Kama chombo kina risasi, mwenyewe aeleze anazifanyia nini. Kama ni kitupu, aeleze risasi zimekwenda wapi. Tangazo hilo lilipewa Namba 14, ingawa hapakuwa na mtu aliyewahi kuyaona yale kumi na matatu yaliyotangulia, na lilisomwa redioni na Katibu Mkuu mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayegawa urithi wa baba yake.

Fundi viatu alilisikia akiwa ameshika soli kwa meno. Mkewe, aliyekuwa kwenye cherehani yake upande wa pili wa chumba hichohicho, alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Debe tupu haliachi kuvuma," akasema.

"Nyamaza tusikie," fundi akajibu. "Huenda wanatusema sisi."

Walikuwa wanawasema wao hasa. Ukutani juu ya kichwa cha fundi, kwenye misumari thelathini na mmoja, zilining'inia beti thelathini na moja. Beti ni ule mkoba mdogo wa ngozi ambao askari wa miguu wa karne ya kumi na tisa aliufunga kiunoni au akauvaa kwa mkanda begani, na ndani yake kuna kibao kilichotobolewa matundu, kila tundu risasi moja. Fundi hakuwa mtu wa vita. Hata kuku alikuwa akichinjiwa na jirani. Ila miaka ishirini na sita iliyopita mteja mmoja alimletea beti kuukuu aikate vipande vya kuzibia viatu. Fundi akaifunua, akaona mishono midogo iliyopangana kama punje za mtama, uzi wa kitani uliopakwa nta, na hakuna hata mmoja uliopinda. Kisu kikamgoma mkononi. Mteja alizibiwa viatu vyake kwa ngozi nyingine, na beti ikapata msumari.

Nyingine zilifuata mojamoja, kutoka kwenye minada, kwenye nyumba za marehemu, kwenye mabanda ya vyuma chakavu. Moja aliipata kwa kubadilishana na baiskeli nzima, jambo ambalo mkewe alikuwa amelisamehe lakini hajalisahau. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa namba saba. Ndani ya kifuniko chake palikuwa na kiraka kilichoshonwa na mtu asiyejua kushona, mshono mmoja mrefu, mwingine mfupi, sindano imetoboa pale isipotakiwa.

"Huyu alikuwa na haraka," fundi alizoea kusema.

"Haraka ya kwenda wapi?" mkewe alizoea kuuliza.

"Labda ya kurudi."

Basi siku ile mkewe alishauri kwamba beti zote ziingie chini ya kitanda na dunia iendelee. Fundi akakataa. Wao ni raia wema, alisema, na raia mwema hasubiri kugongewa mlango. Akachukua fomu, akajaza kwa herufi kubwa: NINA BETI THELATHINI NA MOJA ZA KALE. Akaambatanisha maelezo ya kila moja.

Majibu yalirudi baada ya siku tano, kutoka Kitengo cha Ushairi.

"Beti zako tumezipokea," barua ilisema. "Tunasikitika kukujulisha kwamba hukuonyesha vina wala mizani. Aidha, beti namba tisa umeieleza mwenyewe kuwa imechakaa upande wa nyuma na inanuka mafuta. Wahariri wetu wanakushauri uiandike upya. Vijana wengi huanza hivyo, usikate tamaa."

Fundi alikuwa na miaka sitini na mbili. Alikunja barua, akavaa koti, akaenda wizarani kueleza kwamba beti zake si za shairi. Karani wa dirisha namba tatu alimsikiliza kwa huruma, kisha akamuuliza kama hakuna hata moja inayoweza kuimbwa. Fundi akasema hapana, ni za risasi. Karani akainua mkono wake taratibu kutoka kwenye kaunta, akamwomba arudi nyumbani akangoje.

Siku iliyofuata alikuja Mkaguzi wa Vibebeo.

Wizara nzima ilimwita Bwana Kwa Mujibu, kwa sababu hakuwa na sentensi nyingine ya kuanzia. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, asiyepokea soda wala asante, na kisigino cha kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimelika hadi kwenye misumari. Fundi alikiona kisigino kabla ya kumwona mwenyewe.

"Kwa mujibu wa Tangazo Namba 14," mkaguzi akasema, "nimekuja kuhesabu."

"Karibu, mwanangu. Vua kiatu, nikutengenezee wakati unahesabu."

Mkaguzi alifikiri, akapekua kanuni zake, hakuona kifungu kinachomzuia kuwa na mguu mmoja peku, akavua. Akaiteremsha beti ya kwanza, akaifunua, akatia kidole kwenye kila tundu.

"Mzee, hii ina matundu mangapi?"

"Arobaini."

"Na risasi ngapi?"

"Hata moja. Ni tupu."

"Kwa hiyo arobaini hazijulikani zilipo."

"Zinajulikana. Zilipigwa."

"Nani alizipiga?"

"Askari mwenyewe."

"Anaishi wapi?"

Fundi akaeleza kwamba askari huyo, kwa kukadiria, alifariki miaka mia na thelathini iliyopita, na kwamba vita yenyewe ilikwisha, waliopigana wakapatana, na wajukuu zao wakasahau walikuwa wanagombania nini. Mkaguzi akaandika: *Hapatikani kwa sasa.*

Mke wa fundi aliuacha mshono wake.

"Mwanangu, ukiingia jikoni ukakuta sufuria tupu, unajua nini?"

"Najua kuna chakula ambacho hakijulikani kilipo, mama."

"Unajua watu wameshakula."

"Nani?"

"Wenye nyumba."

"Una orodha yao?"

Mama akamtazama mumewe, mumewe akatazama kisigino. "Debe tupu," mama akanong'ona.

Mkaguzi akageuka mara moja. "Debe hilo lipo wapi? Lilikuwa la kubebea nini?"

Ilichukua robo saa kumthibitishia kwamba ilikuwa methali. Alirudi kwenye beti zake, kidole tunduni, tundu baada ya tundu, mpaka alipofika ya mwisho, ambayo kibao chake kilikuwa kimeliwa na mchwa.

"Hili tundu limekatika katikati," akasema.

"Mchwa," akasema fundi.

"Nusu tundu, nusu risasi." Akapiga mstari, akajumlisha mara mbili. "Mzee, unadaiwa maelezo ya risasi elfu moja mia moja kumi na nane na nusu." Akavaa kiatu chake, akakikanyagia mara mbili sakafuni, akasema kwamba kwa kweli kisigino kimekaa vizuri, akaenda zake.

Suala lenye risasi nyingi kiasi hicho haliwezi kuachiwa mtu mmoja. Wizara, kwa busara, ikaunda Kamati ya Risasi Zisizokuwepo, yenye wajumbe saba na mwenyekiti. Fundi aliitwa mbele yake akakalishwa kwenye kiti kifupi kidogo kuliko vingine. Akarudia yote: askari, vita, miaka mia na thelathini. Wajumbe walimsikiliza kwa makini sana. Mmoja, bibi mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, alitaka kujua ile nusu ya risasi ni nusu ya mbele au ya nyuma, kwa kuwa ya mbele ndiyo yenye madhara. Fundi alisema hajui. Likaandikwa kwamba hajui.

"Una shahidi kwamba ulizipata zikiwa tupu?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi mwenyewe, mheshimiwa."

"Wewe ni mwenye mali. Mwenye mali hawezi kuishuhudia mali yake. Mwingine?"

"Mke wangu."

"Mke ni mwenye mwenye mali," akasema mwenyekiti, na wajumbe wakaitikia kwa vichwa, maana lilikuwa jambo lililosemwa vizuri.

Uamuzi ukatoka kabla ya chakula cha mchana. Beti zote zitashikiliwa na Wizara mpaka risasi zitakapojitokeza zenyewe.

Makabidhiano yalifanyika ofisini kwa Katibu Mkuu, mbele ya wapiga picha watatu. Katibu alikuwa mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, aina ya mkubwa anayekushika bega huku anakupokonya. Daftari la mapokezi lilifunguliwa mezani. Kwenye safu ya Hali ya Mali palikuwa na nafasi ya kuandika neno moja, *kamili* au *tupu*. Fundi aliinama akamnong'oneza.

"Mheshimiwa, hapo andika tupu. Ndivyo zilivyo."

Katibu akawatabasamia wapiga picha. "Mzee wangu, Wizara ninayoiongoza haipokei vitu vitupu. Watu wataniuliza nimewaletea nini. Mkono mtupu haulambwi." Akaandika KAMILI kwa wino wa bluu, akapigia mstari, akasaini.

Bwana Kwa Mujibu, aliyesimama mlangoni, akaangalia saa yake akaandika kitu kwenye kijitabu.

Nyumbani, misumari thelathini na mmoja ilibaki ukutani imejitokeza kama meno. Kwa miaka ishirini na sita mke wa fundi alikuwa akiudai ukuta ule atundike rafu ya vitambaa. Sasa ukuta ulikuwa wazi, na fundi seremala wa mtaa alipopita kuulizia kazi, mama akamwambia arudi mwaka ujao.

"Si ulitaka rafu?" fundi akauliza.

"Nimeuzoea ukuta ulivyo," akasema, akakanyaga cherehani.

Fundi hakulala vizuri. Hakuwa akiwaza kupokonywa. Mtu wa umri wake ameshapokonywa mengi. Aliiwazia ngozi. Ngozi ya zamani ni kama mgonjwa mzee, haitaki jua, haitaki maji, inataka mtu wa kuipaka mafuta mara kwa mara na kuigusa. Akaomba kibali cha kutembelea mali iliyoshikiliwa, akakipata: kila Alhamisi, saa tano hadi saa sita, kwa masharti kwamba mgeni asizungumze na mali hiyo kuhusu kesi yake.

Alikuta kilichomtisha. Ghala la Wizara lilikuwa limejaa nakala za Tangazo Namba 14, kwa hiyo beti zilikuwa zimerundikwa ofisini kwa Katibu, chini ya dirisha, juani. Namba saba ilikuwa imeanza kupasuka pembeni mwa kiraka. Fundi alikaa sakafuni, akatoa kopo la mafuta na kitambaa, akaanza kuipaka taratibu kwa kidole gumba, huku Katibu akisaini barua nyuma yake na kuuliza mara kwa mara kama harufu hiyo itaisha.

"Haitaisha, mheshimiwa," akasema fundi. "Ikiisha ujue zimekufa."

Alikuwa pale, Alhamisi ya pili, mafuta yakiwa yamemfika viwikoni, mlango ulipogongwa akaingia Bwana Kwa Mujibu na daftari la mapokezi kwapani.

"Kwa mujibu wa Tangazo Namba 14," akasema, "siku kumi na nne zimetimia."

"Zimetimia za nini?" akauliza Katibu.

"Za mwenye kushikilia chombo kutoa maelezo. Mwenye kushikilia ni wewe, mheshimiwa." Akachuchumaa kando ya fundi, wakasalimiana, akafunua beti moja. "Hii ina risasi ngapi?"

Katibu akacheka kile kicheko chake cha karibu. "Unaona mwenyewe. Hakuna kitu."

"Mheshimiwa, ulizipokea saa nne na dakika ishirini asubuhi zikiwa kamili. Umeandika kwa mkono wako na kupigia mstari."

"Kamili kwa maana ya… kwa maana ya heshima."

"Safu ya heshima haipo." Mkaguzi alikuwa anasema kwa upole uleule aliokuwa nao akiwa na mguu mmoja peku. "Risasi za mzee huyu zilipotea miaka mia na thelathini iliyopita, mikononi mwa mtu asiyepatikana. Hizi zimepotea ndani ya siku kumi na nne, ofisini humu, mikononi mwa mtu anayepatikana. Ni risasi elfu moja mia moja kumi na nane."

Katibu akainama, akaitikisa beti iliyokuwa karibu naye.

"Na nusu," akasema mkaguzi.

Fundi aliinamia namba saba akaipaka mafuta sehemu ambayo tayari alikwisha kuipaka.

Kamati ya Risasi Zisizokuwepo ilifurahi kupata kazi mpya. Ilimwita Katibu, ikamkalisha kwenye kiti kifupi. Alipoomba kujishuhudia mwenyewe, mwenyekiti alimkumbusha kwa adabu kwamba jambo hilo lilikwisha kuamuliwa. Bibi wa miwani mbili akataka kujua ile nusu. Magazeti, ambayo yalikuwa na picha nzuri ya Katibu akiandika KAMILI, yaliitoa tena, kubwa zaidi. Mtaani watu walianza kushusha sauti gari lake likipita, na wakubwa wenzake wakaanza kula chakula cha mchana mapema kabla hajafika. Mtu anayeweza kupoteza risasi elfu moja kwa wiki mbili bila kelele, walisema, huyo si wa kukaa naye meza moja.

Jumamosi asubuhi, mteja aliyeingia dukani kwa fundi bila kiatu mkononi alikuwa Katibu Mkuu. Palikuwa na watu wawili mbele yake kwenye benchi. Akangoja zamu. Ilipofika, akasogea akasema kwa sauti ya chini.

"Mzee wangu. Wewe ndiye mtu pekee anayejua kwamba zilikuwa tupu."

"Nilikwambia, mheshimiwa."

"Uliniambia. Sasa njoo uwaambie wao. Wewe si mwenye mali tena, unaweza kushuhudia."

Fundi alikuwa mtu wa moyo mwepesi, na uso wa Katibu ulikuwa umepungua hata mashavu yakalegea. Alikuwa ameshafungua mdomo kukubali pale gurudumu la cherehani liliposimama.

"Baba watoto," akasema mkewe, "ngoja kidogo. Shemeji, karibu ukae vizuri." Alimwita shemeji kama vile alikuwa amekuja kuposa. "Mume wangu atasema kweli, hana anachojua kingine. Akishasema, beti zitakwenda wapi?"

"Zitabaki Wizarani, mama. Sheria ni sheria. Kuzirudisha hapa ni kumrudishia mzee deni la risasi."

"Basi sheria ina tatizo."

"Sheria niliisoma mimi mwenyewe redioni."

"Nilikusikia," akasema mama. "Una sauti nzuri. Si ungesoma nyingine?"

Katibu akaitazama misumari ukutani. Kisha akaomba kalamu. Fundi hakuwa na kalamu. Akampa chaki ya kuchorea ngozi na kipande cha karatasi ya kufungia viatu, na juu yake Tangazo Namba 15 likaandikwa, fundi akimsaidia kutafuta maneno rahisi. Lilikuwa na mstari mmoja: *Kitu kitupu kihesabiwe kuwa kitupu.*

Jumatatu saa mbili asubuhi lilisomwa redioni. Wachambuzi walilisifu kuwa ni la kijasiri. Fundi akashuhudia Jumanne, kwa sentensi mbili. Kamati ikapokea ushahidi, ikagundua kwamba risasi zisizokuwepo kweli hazikuwepo, na kwa masikitiko ikajivunja baada ya chakula cha mchana.

Jumatano fundi na mkewe walifika ofisini kwa Katibu na mikokoteni miwili ya kukodi, vitambaa vya kufungia na kopo la mafuta. Katibu alikuwa nyuma ya meza yake, amenawiri tena, anacheka. Akawashika mabega wote wawili. Akasema yaliyopita yamepita, na kwamba siku moja atataka abakishiwe beti moja tu, ndogo, ya kumbukumbu. Mama akasema siku hiyo ikifika watazungumza, akaitia namba saba ndani ya khanga yake mwenyewe, si kwenye mkokoteni.

Walikuwa wanafunga ya ishirini na tisa mkaguzi alipoingia na daftari jipya, ambalo bado lilinukia gundi.

"Kwa mujibu wa Tangazo Namba 15," akasema, "natakiwa kuandika hali ya kila kitu cha Wizara. Kamili au tupu. Nimeona nianzie ofisi ya mwenye tangazo."

"Vizuri sana," akasema Katibu. "Mfano uanzie juu."

Mkaguzi akafungua kabati la kwanza, lililoandikwa MIPANGO. Akaangalia, akafunga, akaandika. Tupu. Akafungua la pili, UTEKELEZAJI, akaingiza mkono mpaka begani kwa kuhakikisha. Tupu. Sanduku la maoni ya wananchi halikufunguka, akalitikisa sikioni. Kamili. Meza, kamili. Saa ya ukutani, kamili, ingawa imesimama.

Akafika kwenye kiti cha Katibu Mkuu. Kilikuwa kiti kirefu cha ngozi, chenye magurudumu, na Katibu alikuwa amekikalia, mikono tumboni, anatabasamu. Mkaguzi alikitazama kwa mbele. Akakizunguka akakitazama kwa nyuma. Fundi na mkewe waliacha kufunga.

Mkaguzi akaandika neno moja. Kisha akaligeuza daftari, akaliweka mezani na kalamu juu yake, akaonyesha kwa kidole mahali pa kusaini.

Katibu alilisoma. Tabasamu lilibaki pale lilipokuwa, kwa kukosa maagizo mengine. Alimtazama mkaguzi, akamtazama fundi, ambaye alikuwa mtu mzima na aliyaelekeza macho yake kwenye mafundo ya kamba.

"Nikikataa kusaini?" akauliza.

"Nitaandika kwamba hapakuwa na mtu wa kusaini," akasema Bwana Kwa Mujibu.

Katibu akachukua kalamu, akasaini, na safari hii hakupigia mstari.